Mizimu katika riwaya ya tabianchi: lawama inamwangukia nani?

Kuna aina ya riwaya inayozidi kujaa kwenye rafu za maduka ya vitabu, na wahakiki wengi hawajui waiweke wapi. Ukiifungua unakuta ukame usioisha, mafuriko yanayorudi kila msimu, au msitu unaoungua kwa wiki nzima. Ndani ya maafa hayo yumo mtu ambaye akili yake imeanza kuyumba: anasikia sauti, hakumbuki jana alikuwa wapi, anamshuku mwenzi wake, anamshuku daktari, anashuku hata mwandiko wake mwenyewe. Na nyuma ya yote kuna harufu ya uchawi: kafara iliyotolewa usiku, kikundi chenye siri, mzimu wa mtoni uliokasirika. Tabianchi, saikolojia na ushirikina, vyote ndani ya jalada moja. Kuna wanaosema huo ni ujanja wa wachapishaji wa kuuza kitabu kimoja kwa wasomaji wa aina tatu. Wengine, na hawa ndio wenye sauti kubwa zaidi, wanasema kuingiza uchawi katika habari za tabianchi ni kuisaliti sayansi wakati ule ule inapohitaji kutetewa.

Kwa maoni yangu kundi la kwanza linasema jambo dogo lenye ukweli, na kundi la pili linasema jambo kubwa lililokosewa. Uchawi umeingia katika riwaya hizi kwa sababu maafa ya hali ya hewa huibua swali ambalo vipimo haviwezi kulijibu: kwa nini sisi, kwa nini sasa, na nani ametufanyia hivi. Taharuki ya kisaikolojia nayo ina kazi yake humo, nayo ni kuuzuia uchawi huo usigeuke kuwa jibu la mkato. Viwili hivyo vikishikana vizuri, riwaya hufanya kazi ambayo ripoti ya kisayansi haikukusudiwa kuifanya. Vikishikana vibaya, riwaya huharibikia mahali panapojulikana, yaani pale lawama inapomwangukia mtu asiyehusika. Mjadala ungehamia hapo tungefika mbali kuliko huu wa kuuliza kama mizimu inaruhusiwa au hairuhusiwi.

Mchanganyiko wenyewe ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Aprili 1815 mlima Tambora, katika kisiwa cha Sumbawa kwenye Indonesia ya leo, ulilipuka kwa nguvu ambayo haijaonekana tena tangu hapo. Majivu na gesi ya salfa vilipanda juu sana angani, vikaizunguka dunia, na mwaka 1816 sehemu kubwa ya Ulaya na Amerika Kaskazini haikupata kiangazi. Theluji ilianguka mwezi Juni kaskazini-mashariki mwa Marekani, mavuno yakaharibika na bei ya nafaka ikapaa. Mvua za mwaka huo ndizo zilizowafungia ndani, kando ya Ziwa Geneva, mshairi Lord Byron na wageni wake, na kwa kuwa hapakuwa na la kufanya, Byron akapendekeza kila mmoja atunge hadithi ya mizimu. Mary Shelley, msichana wa miaka 18, akaanza kazi iliyotoka mwaka 1818 kwa jina la Frankenstein. John Polidori, daktari wa Byron, akaibuka na hadithi ya mnyonya damu iliyochapishwa mwaka 1819. Hakuna kati yao aliyejua kwamba mlima uliolipuka upande wa pili wa dunia ndio uliowazimia jua.

Ukiitazama Frankenstein kwa jicho hilo utaona kila kitu tunachokiita kipya leo. Simulizi inaanzia na kuishia kwenye barafu ya Aktiki. Victor, mwanasayansi wake, ujana wake wote ameshindia vitabu vya Cornelius Agrippa na Paracelsus, watu wa alkemia na elimu za siri, kabla hajaingia chuoni. Halafu dhamiri inamla mpaka anaugua homa na kuweweseka, na yanayotokea tunayapata kwa mdomo wa mtu ambaye hatuna hakika kama yu mzima. Hali ya hewa iliyovurugika, elimu ya siri, akili inayoyumba. Katika miaka mia mbili iliyofuata kilichobadilika ni jinsi tulivyozipanga rafu: riwaya ya maana huku, riwaya ya upelelezi kule, mambo ya kutisha chini kabisa karibu na sakafu.

Mwandishi wa India, Amitav Ghosh, aliligusa jambo hili mwaka 2016 katika kitabu chake The Great Derangement. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba riwaya inayoheshimiwa ilijijenga juu ya maisha ya kawaida, yale yanayotarajiwa kutokea, na yasiyotarajiwa ikayaachia tanzu zinazodharauliwa. Hali ya hewa ilipoanza kufanya yasiyotarajiwa, riwaya hiyo ikajikuta haina nafasi ya kuyaweka. Mwandishi akiandika kwamba kimbunga cha kihistoria kilimkuta mhusika siku ya harusi yake, mhariri atamwambia amezidisha. Kimbunga kile kile kikiwekwa katika riwaya yenye mizimu hakishangazi mtu. Kwa hiyo kabla hatujamlaumu mwandishi kwa kukimbilia ushirikina, tukumbuke kwamba uhalisia ndio uliomfungia mlango kwanza. Na msomaji wa Kiswahili ndiye wa mwisho anayepaswa kushangaa, maana Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, inatupa maiti iliyokutwa mahali pa mizimu, na mpelelezi Bwana Msa anaifuata kwa akili zake mpaka kwa binadamu aliyeua. Uganga na upelelezi vilikaa nyumba moja bila kugombana.

Turudi kwenye swali la kwa nini sisi, maana naona ndio moyo wa jambo. Mwaka 1937 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alichapisha utafiti wake kuhusu uchawi miongoni mwa Wazande, watu wa Sudan Kusini na nchi jirani, na ndani yake kuna mfano ambao umetumiwa sana darasani lakini haujawahi kuchakaa. Kihenge cha nafaka kinaanguka na kuwaumiza watu waliokuwa wamekaa chini yake wakipunga upepo. Wazande wanajua vizuri kwamba mchwa wamekula nguzo. Hawahitaji mtu wa nje kuja kuwaeleza. Wanalouliza ni kwa nini kianguke saa ile ile, juu ya watu wale wale. Mchwa wanaeleza kuanguka kwa kihenge. Hawaelezi kukutana kwa kihenge na watu hao. Hapo kwenye mkutano wa mambo mawili ndipo uchawi unapoingia, na unaingia kama jibu la swali ambalo mchwa hawakuulizwa.

Sasa weka kando yake sayansi changa ya kupima mchango wa binadamu katika tukio moja la hali ya hewa. Joto kali la Ulaya mwaka 2003 liliua zaidi ya watu 70,000. Mwaka uliofuata Peter Stott na wenzake walieleza katika jarida la Nature kwamba shughuli za binadamu, kwa uwezekano mkubwa sana, ziliongeza angalau mara mbili hatari ya kutokea joto la namna ile. Ni kazi nzuri sana ya kisayansi, na tangu hapo mbinu zake zimeendelea hivi kwamba leo makadirio kama hayo hutolewa siku chache tu baada ya tukio. Lakini msomee matokeo hayo mtu aliyemzika mama yake Agosti ile. Hatari iliongezeka mara mbili. Ina maana mama yake ameuawa na nusu ya hatari iliyoongezwa na binadamu, au na ile ya asili? Hesabu haisemi, na haikuundwa kusema, kwa kuwa inahusu uwezekano wa matukio na yeye anauliza habari ya mtu mmoja. Pengo hilo kati ya uwezekano na jeneza ndilo riwaya hizi zinaloliingia, na mzimu ni chombo cha kale cha kulishikia. Anayesema mwandishi angebaki na takwimu anadhani msiba unauliza maswali ya takwimu.

Upande wa saikolojia unahitaji muda zaidi, kwa sababu ndio unaoeleweka kidogo kuliko yote. Riwaya ya taharuki ya kisaikolojia imejengwa juu ya hila moja inayojulikana: mtu anaona hatari, wanaomzunguka wanamwambia anaumwa, na msomaji hajui amwamini nani. Mhakiki wa fasihi Tzvetan Todorov, alipoandika mwaka 1970 kuhusu hadithi za maajabu, alisema utanzu huo unaishi katika kusitasita: jambo la ajabu limetokea, na msomaji anayumba kati ya maelezo ya kawaida, kwamba ni ndoto, wazimu au udanganyifu, na maelezo yasiyo ya dunia hii. Akichagua moja, utanzu umekwisha na tumehamia kwingine. Sasa tazama hali ya mtu mwenye wasiwasi wa tabianchi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2021 katika The Lancet Planetary Health uliwauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinavuruga maisha yao ya kila siku: kula, kulala, kusoma, kazi. Daktari akimkuta mtu wa namna hii atamtibuje? Kwa kawaida hofu inayokunyima usingizi ni ugonjwa pale inapokuwa haina msingi. Hii ina msingi. Mgonjwa ana dalili zote, na wakati huo huo yuko sahihi kuliko jirani yake anayelala fofofo. Sijui utanzu mwingine ulioandaliwa tangu zamani kushika hali hiyo kama huu.

Ngoja nitoe mfano wa kubuni ili tusibaki hewani. Mwanamke mmoja ni msoma vipimo katika kituo cha hali ya hewa mlimani. Kila siku saa tatu asubuhi anafungua kipimamvua, anamimina maji kutoka kwenye chupa hadi kwenye silinda yenye mistari, anainama mpaka jicho liwe sawa na uso wa maji, anasoma, anaandika kwenye daftari. Kwa miezi kadhaa amekuwa akiandika 0.0. Asubuhi moja anafungua daftari na kukuta mstari umeshajazwa kwa tarehe ya keshokutwa: milimita 212. Mwandiko ni wake, hata ule mkia wa 2 anaouvuta kushoto. Hakumbuki kuandika. Hapo mwandishi ana njia tatu mkononi. Mwanamke anaumwa, na dawa zake za usingizi zinamfanya aamke usiku bila kujua. Au kuna mtu anamchafulia daftari ili siku moja vipimo vyake vikataliwe, labda kwa sababu bwawa lililo chini ya mlima limejengwa kwa hesabu za mvua za zamani na kuna wanaotaka jambo hilo lisijulikane. Au mlima unazungumza. Kila njia ina mkosaji wake na mahali pake pa kukimbilia: hospitali, polisi, madhabahu. Keshokutwa ikifika na kipimo kikasoma 209, hakuna njia hata moja kati ya hizo tatu iliyokufa. Milimita tatu za tofauti zinatosha kumwacha kila mtu na imani yake. Na bwawa liko pale pale chini.

Nimeuchagua mfano huo kwa sababu unaonyesha kitu kimoja ambacho wakosoaji hukiruka. Katika riwaya iliyofumwa hivi, sayansi haikupuuzwa hata kidogo. Taharuki yote inakaa juu ya silinda, mistari, daftari na hesabu za mhandisi wa bwawa. Mwandishi asiyejua kipimamvua kinasomwa vipi hawezi kuitunga. Uchawi wenyewe unatisha kwa sababu umeingia ndani ya daftari la vipimo, mahali tulipopaamini. Ukiondoa usahihi wa vipimo, mzimu nao unakosa mahali pa kusimama.

Basi tuzipime hoja za upande wa pili, nianze na ya soko ambayo haihitaji muda mrefu. Ni kweli kwamba kuchanganya tanzu kunasaidia mauzo, na ni kweli kwamba zipo riwaya ambazo ukame wake ni pazia tu, ungeweza kuubadilisha na vita au tauni bila kugusa sura hata moja. Mimi mwenyewe huziacha nikifika katikati. Lakini kitabu kibaya hakihukumu utanzu mzima, na nia ya mchapishaji haituambii lolote kuhusu kilichomo ndani.

Hoja dhaifu zaidi, ingawa ndiyo inayorudiwa mno, ni kwamba msomaji atachanganyikiwa: akisoma riwaya ambamo mafuriko yanaletwa na mzimu, ataacha kuamini habari za hewa ya ukaa. Hoja hii inaipa riwaya nguvu ambayo haina. Mwaka 2020 Matthew Schneider-Mayerson na wenzake walichapisha jaribio ambamo waliwagawia watu hadithi za tabianchi, hadithi za kawaida zisizo na mizimu yoyote, zilizokusudia kabisa kumfanya msomaji aelewe na ajali. Athari ilionekana, ilikuwa ndogo, na baada ya mwezi haikuonekana tena kitakwimu. Kama hadithi iliyojitahidi kufundisha inasahaulika kwa mwezi, ni vigumu kuamini kwamba iliyojitahidi kutisha itambomolea mtu elimu yake yote. Zaidi ya hapo, hoja hii inamdhania msomaji kuwa mtoto. Mtu mzima anayenunua riwaya yenye mzimu anajua amenunua nini. Hajawahi kukosa kulipa bili ya umeme kwa sababu alisoma kwamba giza lina roho. Na kama shabaha ni kueneza elimu ya tabianchi, kuna ripoti, shule, redio na vipindi vya televisheni. Kumtwisha mtunzi kazi ya afisa elimu, kisha kumkemea kwa kuifanya vibaya, si haki.

Iliyo nzito ni hoja nyingine, na sijaona ikisemwa kwa ukamilifu unaostahili. Uchawi na hali ya hewa vina historia ya pamoja nje ya vitabu, nayo imejaa maiti. Agosti 1562 mvua ya mawe iliharibu mazao katika eneo la kusini-magharibi mwa Ujerumani ya leo, katika kipindi ambacho Ulaya ilikuwa ikipoa na mavuno yakiyumba mwaka hadi mwaka. Katika mji mdogo wa Wiesensteig watu walitafuta mchawi, na kumbukumbu za wakati huo zinataja wanawake 63 waliouawa. Mwaka 1590 dhoruba zilipoisumbua safari ya Mfalme James wa Sita wa Scotland alipokuwa akirudi na mkewe kutoka Denmark, wakunga na waganga wakakamatwa kwa tuhuma za kuzileta, wakateswa mpaka wakakiri. Agnes Sampson aliuawa mapema mwaka 1591. Wala si mambo ya karne hizo tu. Mwanauchumi Edward Miguel alichapisha mwaka 2005 uchunguzi wa vijiji vya Meatu, Tanzania, na kukuta kwamba katika miaka ya mvua kupita kiasi au ukame mkali, mauaji ya watu waliodaiwa kuwa wachawi yalikuwa takriban maradufu ya miaka mingine. Wengi waliouawa walikuwa wanawake wazee. Mauaji ya kawaida hayakuongezeka hivyo.

Toleo la kisasa halihitaji tunguri. Kimbunga Helene kilipoipiga kusini-mashariki mwa Marekani mwishoni mwa Septemba 2024, uvumi ulisambaa ndani ya siku chache kwamba serikali imekitengeneza au imekielekeza, na watabiri wa hali ya hewa wakaanza kupokea vitisho. Uvumi wa namna hiyo huota kwenye punje ya ukweli, maana ni kweli kwamba kati ya mwaka 1967 na 1972 jeshi la Marekani lilipanda mbegu za mvua mawinguni, yaani lilinyunyizia kemikali za kuzidisha mvua, wakati wa vita vya Vietnam ili kuharibu njia za adui, na mkataba wa kimataifa wa kupiga marufuku kuigeuza hali ya hewa kuwa silaha ulianza kutumika mwaka 1978. Kutoka punje hiyo mpaka kuamini kwamba mtu anakalia usukani wa kimbunga ni safari ndefu, lakini mwenye hofu huimaliza kwa usiku mmoja. Na hapa ndipo riwaya ya taharuki yenye ushirikina inapokanyaga mahali pa hatari. Kikundi cha siri kinachoita mafuriko ni njama tamu sana kwa msomaji. Ni njama ile ile iliyompeleka Agnes Sampson kwenye kifo.

Kwa hiyo nakubaliana na wakosoaji kwamba hatari ipo, ila wameiona upande ambako haipo. Tatizo halianzi mzimu unapoingia. Linaanza pale fumbo linapofumbuliwa na mkosaji akawa bibi kizee wa pembezoni mwa kijiji, mgeni asiye na ndugu, mwanamke asiye na mtoto, au watu wa dini ya zamani waliobaki msituni. Riwaya ya namna hiyo inaweza kuwa na takwimu zote sahihi za joto na bado ikarudia hukumu ya Wiesensteig. Nyingine inaweza kujaa majini kutoka jalada hadi jalada na ikawa na haki, kwa sababu inapofika wakati wa kuuliza nani, inageukia mahali penye jibu. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa wahakiki wakitumie, badala ya kuhesabu ni sura ngapi zina uganga.

Na jibu lipo, tofauti na wanavyodai watu wanaosema tabianchi haifai kwa riwaya ya upelelezi eti kwa kuwa kila mtu ana hatia na hivyo hakuna mwenye hatia. Mwaka 2014 Richard Heede alichapisha hesabu inayoonyesha kwamba takriban asilimia 63 ya hewa ya ukaa na methani iliyotokana na viwanda kati ya mwaka 1751 na 2010 inaweza kufuatiliwa hadi kwa wazalishaji 90 tu wa mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji, na nusu ya hiyo imetoka tangu mwaka 1986. Mwaka 2023 Geoffrey Supran na wenzake walionyesha katika jarida la Science kwamba wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Exxon walikadiria ongezeko la joto la dunia kwa usahihi mkubwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati hadharani kampuni iliendelea kutilia shaka sayansi hiyo hiyo. Mtu aliyeona yajayo kwenye karatasi, akaifungia karatasi kabatini, kisha akatoka nje kuwaambia watu wasiwe na hofu: mtunzi wa taharuki ya kisaikolojia angeombea nini zaidi? Ni hadithi ya ramli iliyotoka sahihi ikafichwa na mpiga ramli mwenyewe. Tofauti ni kwamba nyaraka zake zipo.

Tukilichukua hilo kwa uzito, mambo mawili yanafuata. La kwanza linahusu mwandishi, kwamba utafiti wake uende mbali kuliko kujua mizimu inaitwaje. Ajue bwawa linavyokadiriwa, bima ya mafuriko inavyokataliwa, kibali cha kukata msitu kinavyopita mezani na nani anakitia sahihi. Huko ndiko maovu ya riwaya hizi yanakopaswa kuota, na huko ndiko wengi hawafiki kwa sababu kuandika juu ya moshi wa ubani ni rahisi kuliko kuandika juu ya faili. La pili linahusu namna tunavyozisoma. Mhakiki anayeitupa riwaya kwa kuwa ina mzimu, na yule anayeisifu kwa kuwa ina mada muhimu, wote wawili hawajaisoma bado.

Limebaki suala la mwisho wa hadithi, na hapa nakiri utanzu wenyewe una tatizo ambalo halijapata ufumbuzi mzuri. Riwaya ya taharuki inataka kufunga. Tabianchi haifungi. Sehemu ya hewa ya ukaa tunayoitoa leo itakuwa bado angani baada ya maelfu ya miaka, na bahari itaendelea kupanda kwa karne nyingi hata tukiacha kuchoma mafuta kesho. Waandishi wengi hutoroka kwa njia mbili. Ama ibada inafanyika, damu inamwagika, mvua inanyesha, na hapo hapo riwaya imesema kwamba wauaji wa Meatu walikuwa na hoja. Ama mhusika anaamka hospitalini, yote yalikuwa kichwani mwake, na riwaya imewaambia wale vijana 10,000 wakameze dawa walale. Ya pili inaonekana ya kistaarabu zaidi, lakini sioni kama ina madhara kidogo kuliko ya kwanza.

Zinazofaulu, nazo ni chache, huachanisha mambo mawili ambayo utanzu ulizoea kuyafunga pamoja. Fumbo la binadamu linafumbuliwa kikamilifu: tunajua nani alibadilisha hesabu za bwawa, nani alilipwa, nani alimwita msoma vipimo mwendawazimu na kwa sababu gani. Anaweza hata kukamatwa. Maji yanaendelea kupanda hata hivyo, na kuhusu ule mstari wa milimita 212 hatuambiwi kitu. Wahariri hawaupendi mwisho huu. Wanasema msomaji atajiona ametapeliwa. Pengine wana haki kuhusu mauzo. Lakini mhariri anayemtaka mwandishi aifunge na mvua pamoja na kesi anataka kitu ambacho hakuna mtu duniani awezaye kukitoa, na ni afadhali malalamiko ya msomaji yaende kwa waliobadilisha hesabu za bwawa.